Chumvi, Sukari na Pilipili Kichaa

Muuza maparachichi wa soko la Tarime ana adui mmoja, naye si mvua wala ushuru. Ni kidole gumba cha mteja. Mteja anainama juu ya fungu, analibonyeza la kwanza, analibonyeza la pili, la tatu analirudisha likiwa na shimo, analipia la nne, kisha anaondoka akilalamika kwamba maparachichi ya siku hizi yana madoa. Madoa hayo aliyatia mwenzake wa asubuhi, na yeye ameshamwandalia ya kwake mteja wa jioni. "Mama, ukinibonyezea yote nitamuuzia nani?" Swali hilo halijawahi kupata jibu katika soko lolote.

Lakini mbonyezaji naye ana hoja. Parachichi haliivi mtini. Hukomaa huko juu, ila kulainika huanza likishachumwa, kwa hiyo mti wa uani unaweza kukaa wiki nyingi umejaa matunda na mwenye nyumba akala ugali mkavu chini yake. Anayekosa subira akachuma changa hupata malipo yake: tunda linasinyaa, linanywea, na likikatwa linavutika kama ndala.

Ndiyo maana kila nyumba ina namna yake ya kuvundika. Wengine hulizika kwenye ndoo ya unga, wengine hulifunga gazeti, wengine huliweka chini ya kitanda pamoja na ndizi mbivu. Hawa wa ndizi ndio walioipata sayansi, maana ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huharakisha uivaji wa tunda la jirani. Unga na gazeti kazi yake ni kuizuia gesi ya parachichi lenyewe isipotee. Ubaya wa unga ni usahaulifu. Tunda linaingia ndooni Jumatatu, hakuna anayeandika popote, na Jumapili msonga ugali anachota gizani, sufuria ikapokea asichokikusudia.

Tarime ni nchi ya juu, ya migomba na kahawa, na mparachichi kule ni mti wa nyumbani tu. Ng'ombe wakikaa mbali nao ni heri, kwa sababu majani na maganda yake yana sumu iitwayo persini, inayoweza kumvimbisha ng'ombe au mbuzi kiwele na kumkatisha maziwa. Katika nchi ambayo mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, hilo si jambo la kuchekea. Binadamu tunda lake halimdhuru. Binadamu humdhuru kisu: mwaka 2017 madaktari wa upasuaji nchini Uingereza walikuwa wameshona viganja vya watu wengi waliolishika parachichi mkononi huku wakichokoa kokwa, hata wakapendekeza tunda hilo libandikwe karatasi ya onyo. Bibi wa Nyamwaga, anayelipasua kwa kisu cha mihogo akiwa amembeba mjukuu mgongoni, angependa kuisoma karatasi hiyo.

Kisha kuna mgogoro wa rangi. Aliyekulia kwenye maparachichi ya kienyeji, yale makubwa yenye shingo, anajua kwamba jeusi limeoza. Halafu anapewa Hass, ambalo huwa jeusi likiiva. Mche wa kwanza wa aina hiyo ulipandwa California miaka ya 1920 na mfanyakazi wa posta, Rudolph Hass, aliyeusajili kwa hataza mwaka 1935, na leo ndiyo aina inayotawala soko la dunia. Sifa zote hizo hazilisaidii lolote likifikia mikono ya msaidizi mgeni wa jikoni. Ameambiwa atupe yaliyoharibika. Anatupa yaliyoiva, anabakiza mabichi, na chakula cha mchana kinachelewa siku nne.

Likishaiva salama, ndipo ugomvi wenyewe unapoanza: linaliwaje? Dini ni mbili. Ya kwanza ni ya chumvi: vipande kando ya ugali wa udaga na dagaa, au juu ya maharage, basi. Ya pili ni ya sukari: linapondwa kwa kijiko ndani ya kikombe, linatiwa sukari, pengine na maziwa, au linasagwa juisi. Kila upande unauona mwingine umelelewa vibaya. Wa chumvi hudhani dunia nzima iko nao, kumbe Brazili, Ufilipino na Vietnam ni watu wa sukari, na Indonesia hulinywa likiwa na chokoleti. Mwandishi wa makala haya ni wa chumvi, na habari za Indonesia zimemsikitisha.

Ukitoka Tarime kwa njia ya Nyamongo, ukavuka Mto Mara ukafika Mugumu, kisha ukasogea kuelekea Fort Ikoma na Robanda, tunda lilelile linabadili jina na bei. Huko ndiko ziliko kambi za watalii wanaosubiri nyumbu, na huko parachichi linaitwa gwakamole. Mpishi anayetoka vijiji vya jirani anaisoma orodha ya mahitaji: kitunguu, nyanya, pilipili, majani ya giligilani, ndimu, chumvi. Anaisoma tena. Hiyo ni kachumbari, na anayetaka kumpinga alete hoja. Tofauti ni kwamba kachumbari hii imeangukiwa na parachichi, na mtu mmoja amelikanyaga.

Akiitengeneza, wageni humgawanyikia. Mmoja hataki nyanya. Mwingine anauliza kitunguu saumu kimekwenda wapi. Wa tatu anasema ya asili hupondwa kwenye kinu cha jiwe, wala haitiwi vikorombwezo. Neno "asili" hapo lina kasoro kidogo, kwa sababu Waazteki walikuwa na parachichi, nyanya na pilipili, lakini ndimu, giligilani na vitunguu hivi vya sokoni vilifika Mexico baada ya Wahispania kutia nanga katika karne ya 16. Nyanya na pilipili zikapanda meli za kurudi, zikazunguka, zikaishia kwenye kachumbari ya Mugumu. Kwa hiyo yule mpishi alikosea kidogo sana.

Hata ikulu zimeingia katika shauri hili. Julai 2015 gazeti la New York Times liliwashauri wasomaji watie njegere kwenye gwakamole, na Barack Obama, akiwa Rais wa Marekani, akajibu hadharani kwamba analiheshimu gazeti ila njegere hapana: kitunguu, kitunguu saumu na pilipili vinatosha. Mwezi huohuo alitua Nairobi kwa ziara rasmi. Waluo wa Rorya, wilaya iliyokuwa sehemu ya Tarime, wanaweza kuihesabu hukumu hiyo kuwa imetoka kwa ndugu. Mexico kwenyewe miaka minne baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi: bei ya parachichi ilipopanda mwaka 2019, wauza chakula wa barabarani walikutwa wakisaga maboga machanga na pilipili na kuwapakulia wateja mchuzi wa kijani, na wengi walikula wakashukuru.

Sasa mchukue kijana mmoja wa kambi hizo, amepata likizo, amerudi kwao Mugumu akiwa na ujuzi. Aliamua kuipikia familia gwakamole. Neno "kupikia" lilizua mjadala wa kwanza, kwani mama yake alikwisha kubandika maji na hakukuwa na kitu cha kuchemsha.

Mjadala wa pili ulihusu kinu. Kinu ni cha karanga, mama akasema, na hakitatiwa vitunguu maadamu yeye yu hai. Uma ulikuwepo, lakini shemeji yake, mke wa kaka, alishaazima blenda kwa jirani na hakutaka safari yake ipotee bure. Kijana akaeleza kwamba gwakamole inatakiwa ibaki na vibonge. Wakati anaeleza, blenda ilikuwa inanguruma. Vitunguu, giligilani na pilipili kichaa, alizotia kijana kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchanganyia watu arobaini, vyote vikayeyukia humo visionekane tena. Ikatoka uji laini wa kijani, usio na ushahidi wowote.

Mzee alimega tonge, akachovya, akatafuna taratibu.

"Mura, hili parachichi lilikukosea nini?"

Mama, ambaye ni wa sukari tangu usichana wake, alionja kwa ncha ya kijiko na kusema ni nzuri, ila haijaisha kutengenezwa. Watoto walilia, kwa ajili ya pilipili. Kaka mtu peke yake ndiye aliyekula sana, akidhani ni mlenda. Iliyobaki ikatiwa kwenye kopo la majarini. Mpishi akaichomeka kokwa katikati isibadilike rangi, imani iliyoenea Marekani hadi Mugumu, ingawa kokwa hukinga pale tu ilipogusa; kwingine hewa hufanya kazi yake na uso wote hugeuka kahawia. Kopo likaingia kwenye friji.

Asubuhi, dada yake alikuwa amefumua rasta na anatafuta dawa ya nywele. Wasichana wa mjini wanajua dawa hiyo: parachichi lililosagwa, mafuta kidogo, na juisi ya kitunguu ya kuzikuza. Akafungua friji. Akafungua kopo. Akaona parachichi lililosagwa vizuri kuliko ambavyo angelisaga yeye, akanusa, akapata harufu ya kitunguu. Akamshukuru wifi yake kimoyomoyo, akajipaka kichwa kizima mpaka kwenye mizizi, akajifunika mfuko wa nailoni uliofichwa kabatini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019, akakaa juani dawa ipenye.

Ilipenya.

Majirani waliofika kwa ajili ya kelele walimkuta bombani, na kila ndoo iliyomwagwa ilizidisha moto. Hapo mpishi alikuwa na elimu ya maana kwa mara ya kwanza tangu aanze likizo: kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta, na maziwa hukitoa. Maziwa ya mgando yalikuwepo, kibuyu kizima. Mzee akatoka chumbani na kukuta maziwa yake yanamiminwa juu ya kichwa cha binti yake, shemeji ameshika kibuyu, kijana wa kambini anaamuru wasugue.

Moto ulipungua. Kilichogoma ni nywele, ambazo zilianza kugandana na kunata kila zilipokauka, jambo ambalo wala pilipili, wala kitunguu, wala mgando havikulieleza. Wifi alinusa blenda, kijana alihesabu viungo vyake kwa vidole na kuhesabu tena. Ndipo mama, aliyekuwa akichambua mchele pembeni muda wote bila kuinua uso, alipouliza kama sukari nayo inadhuru nywele.