Theluji haipakwi, inaachwa

Mxiu! Hebu niambieni, nyie mnaokaa hapa kijiweni Mulongwe mkingoja abiria: mtoto wa Uvira, aliyekulia kwenye joto la Ziwa Tanganyika, hamu ya kupaka theluji kaipata wapi? Desemba ikikaribia, vitabu vya kupaka rangi vinatandazwa kando ya barabara: nyumba ya mbao yenye paa jeupe, mti wa Noeli, mzee mwenye ndevu na buti. Pakiti ya fetre inauzwa papo hapo. Mama analipa, mtoto anainama kazini. Nje mvua inapiga, matope mpaka kwenye kifundo, na mto Mulongwe unanguruma. Tangu ulipovamia nyumba za watu Aprili 2020, ukinguruma halali mtu.

"Muacheni mtoto," anadakia motari mmoja. "Shangazi yake yuko Marekani, kila mwaka anatuma picha amevaa koti kama godoro."

Haya, hapo nimeshikwa. Tangu vita vya miaka ya 1990 watu wa huku wametawanyika hadi Marekani, Kanada na Norwe. Theluji imekuwa habari ya ukoo.

Basi ipakwe vizuri! Binti wa muuza ndagala alituonyesha ukurasa wake: theluji yote buluu nzito, karatasi imelowa, fetre imepenya ikachafua na picha ya nyuma. Tulipomuuliza kulikoni, akajibu bila kupepesa macho: "Nyeupe haiandiki." Mtoto hana kosa. Fetre nyeupe juu ya karatasi nyeupe, utasugua mpaka jioni.

Fundi wa mabango, yule anayeandika majina ya maduka na saluni, akacheka. "Theluji haipakwi, mwanangu. Inaachwa." Akafunua ukurasa mpya, akaanza na anga ya magharibi: buluu nyepesi kwanza, kisha nzito juu yake, maana fetre ikishazidi haipunguziki. Kadiri anga ilivyokuwa nyeusi, ndivyo paa lisiloguswa lilivyong'aa. Chini ya miti akapitisha buluu hafifu mara moja tu, kwa kuwa kivuli juu ya theluji huchukua rangi ya anga. Matawi akayachora kwa biki nyeusi, upande wa chini peke yake; upande wa juu akaacha karatasi, ikawa theluji iliyotua. Wino ulipokauka, akachovya njiti ya kiberiti kwenye blanko ile ya kufutia makosa ofisini, akadondosha nukta angani. Theluji ikanyesha Mulongwe, na motari wote kimya!

Sasa yupo mjuaji mmoja hapa, kila kitu kwake ni cha Wazungu. Ati theluji si mali yetu. Mxiu! Kilele cha Margherita katika Rwenzori kina mita 5,109, nusu yake iko Uganda na nusu yake iko hapa Kongo, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mwaka 1906 mjukuu wa mfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alikipanda, na mpigapicha wake Vittorio Sella akairekodi barafu ya huko. Sisi milima yetu ya Mitumba inapita mita 3,000 lakini haitoshi. Karibu na ikweta theluji haikai mpaka upande juu zaidi sana. Na hiyo ya Rwenzori inayeyuka. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya mwaka 2021 ilisema barafu za Rwenzori, Kilimanjaro na Mlima Kenya zinaweza kuisha kabisa kufikia miaka ya 2040. Binti huyu atakuwa bado mama kijana. Kwa hiyo apake, tena apake haraka.

Kinachonikera ni kwamba ukikipekua kitabu kizima hukuti mtumbwi hata mmoja. Usiku usio na mbalamwezi simameni ufukweni Kalundu mtazame ziwani: wavuvi wamewasha taa kuvuta ndagala, maji meusi tii, na kila taa imechora mstari wake mpaka ufukweni. Mtoto aliyejifunza kuacha theluji anaweza kuacha taa hizo pia. Kazi ni ileile: usiguse mwanga, paka giza linalouzunguka. Mcheza kwao hutunzwa, na hakuna kiwanda cha nje kitakachotuchapia Kalundu.

Walimu na wazazi, kitabu cha theluji kinunueni, sina ugomvi nacho. Ila Bonane hii, mkishatoa pesa ya fetre, ongezeni kidogo mnunue na karatasi tupu, isiyochorwa na mtu. Halafu mpelekeni mtoto ziwani.