Ufunguo wa Kabati Uko Tanga

Filamu za watoto zenye miujiza zina hila moja ambayo mzazi huigundua mapema: ili mtoto aipate safari, kwanza mzazi aondolewe. Afe, apotee, ama aende vitani. Katika The Chronicles of Narnia: The Lion, the Witch and the Wardrobe, ile ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Andrew Adamson, kazi hiyo imefanywa na mabomu ya Wajerumani. London inapigwa, baba yuko jeshini, mama anawapandisha watoto wanne kwenye treni, kila mmoja na kikaratasi kifuani kama kifurushi cha basi. Tangu hapo hakuna wa kuwaambia, "Hebu rudini ndani." Ikabidi niwaambie mimi, kutoka kwenye sofa.

Binti yangu wa miaka minane alikwisha kuiona kwa binamu zake, kwa hiyo alikuwa ametulia kama mwenye filamu. Mgeni alikuwa mama yangu, aliyetutembelea kutoka Tanga. Kwa kuwa Kiingereza hana shughuli nacho, nikateuliwa kuwa msimulizi, kama wale wa mabanda ya video wanaoongea juu ya kila sauti. Nilijitahidi mpaka binti yangu akaniachisha kazi, eti naongeza maneno.

Lucy, mmoja wa wale wanne, akaingia kabatini kwenye nyumba waliyopelekwa, akapita kati ya makoti, akatokea kwenye theluji. Georgie Henley, aliyeigiza nafasi hiyo, aliingizwa hapo akiwa amefungwa macho ili mshangao wake mbele ya kamera uwe wa kweli. Nilimpa Mama habari hiyo kwa mbwembwe. Hakunisikia. Alikuwa anamkagua bwana Tumnus, kiumbe aliyekutana na Lucy huko, kuanzia chini.

"Kwato," akasema.

"Ndiyo, Mama. Nusu mtu, nusu mbuzi. Hadithi tu."

"Jini unaliita hadithi?"

"Ni kompyuta, Bibi," akadakia binti yangu.

Mtu wa pwani hafundishwi mambo haya. Kuanzia Tanga hadi Mombasa, kila mtaa una mtu anayemjua mtu aliyekutana usiku na mwanamke mzuri wa kupindukia, akateremsha macho, akaona kwato mahali pa nyayo. Kwa Mama hiyo haikuwa filamu ya kubuni, bali taarifa ya habari iliyochelewa kuwafikia Waingereza. Tumnus alipomkaribisha Lucy nyumbani kwa chai, Mama alimkataza asinywe. Akanywa. Tumnus alipotoa filimbi kumpigia hadi usingizi umchukue, Mama alinigeukia tu, akaninyamazia.

Na mimi ningesema nini? Mtoto wa kike amemfuata hadi pangoni mwanamume asiyemjua, aliyevaa skafu bila shati. Sijui ni mtunzi gani mwenye watoto angeandika vile. C. S. Lewis, kitabu chake kilipotoka mwaka 1950, alikuwa bado hajaoa.

Kisha akaja Edmund, na hapo nilitegemea mahakama ya familia imhukumu bila kuchelewa. Mchawi Mweupe, yaani Tilda Swinton kwenye kigari chake cha theluji, anampa kijana vitamutamu vya Kituruki, vile laini vilivyogaragazwa kwenye sukari, naye anawauza ndugu zake watatu. Binti yangu akamwita msaliti. Nikajaribu kumtetea kwa historia: Uingereza sukari ilikuwa ya mgawo tangu Januari 1940, mtoto alikuwa na hamu. Mama, ambaye nilidhani angemtaka achapwe, akapoa ghafla.

"Sukari?" akasema. "Mwaka 83, kwa kilo mbili tu, mjomba wenu angekwenda."

Mjomba huyo sasa ni mtu mzima mwenye heshima zake Muheza. Nimeamua asiambiwe.

Tukafika usiku wa Meza ya Jiwe. Simba Aslan anajitoa auawe badala ya Edmund, wananyoa manyoya yake, wanamfunga, mchawi anainua kisu. Mama alikuwa ameuma pindo la khanga. Kisu kikashuka, na umeme ukakatika.

Gizani, binti yangu akaeleza yaliyobaki kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipwa: kukicha simba anafufuka, mchawi anashindwa, watoto wanatawazwa, wanakua, wanarudi kupitia kabatini wakiwa wadogo vilevile.

"Hayo yako," Mama akamjibu. "Mimi nimeona kisu."

Umeme haukurudi usiku ule. Fikiria basi hali ilivyokuwa kwa Mama alipokwenda kulala: simba amekufa, mchawi yuko huru, anagawa sukari kwa watoto, na njia ya kutokea kwake ni kabati. Chumbani mwangu kuna kabati. Akalifunga, ufunguo akautia kwenye fundo la khanga, na alfajiri akapanda basi la Tanga.

Niligundua saa moja asubuhi, nikiwa na taulo. Nilikwenda kazini na shati la jana na suruali ya michezo. Mke wangu, aliyerudi kutoka zamu ya usiku, alicheka mpaka akakumbuka kwamba na nguo zake zimo humo.

Nilipompigia Mama, aliuliza kwanza kama mtoto yupo. Yupo, nikamwambia. "Basi kabati limefanya kazi."

Ufunguo ulikuja kwa basi la kesho yake, umefungwa kwenye karatasi pamoja na ubani, na agizo kwamba nisilifungue kabla ya kulifukiza. Binti yangu alishika chetezo, akiniambia mara kwa mara kwamba ni kompyuta, ila akasimama nyuma yangu nilipovuta mlango. Makoti hatuna. Zilikuwamo nguo zetu zote, zimekunywa moshi, na wiki nzima ofisini wakawa wananiuliza harusi ni ya nani na kwa nini hawakualikwa.