Hotuba Juu ya Maradhi ya Gia za Nyuma

Mabwana na mabibi, nanyi mafundi mlioketi nyuma kwa kadiri ya daraja zenu: madhali baraza hili limebahatika kunipata mimi, niliyezama katika ilimu ya gia hata grisi isiwahi kunigusa kidole, nyamazeni tuanze.

Mnyororo unapokataa kupanda gurudumu kubwa la meno, ukabaki njia panda ukikwaruza, jahili hukimbilia bisibisi akazikoroga zile skrubu mbili za kikono cha nyuma kihamishacho mnyororo, zenye alama za H na L. Masikini! Hizo ni bawabu tu: mmoja huuzuia mnyororo usiangukie fremu, wa pili usiingie kwenye spoki, na mambo ya ndani ya nyumba hayawahusu.

Amri ni ya waya. Tangu Shimano walipotoa mwaka 1984 gia za mfumo wa SIS, ambazo kila mlio wa swichi ni hatua moja iliyopimwa, waya ukilegea kidogo tu hesabu yote huharibika. (Marehemu Henri Desgrange, muasisi wa Tour de France, alivichukia vikono hivi, navyo havikuruhusiwa humo hadi mwaka 1937; ningalimuunga mkono, lakini leo mngalimsikiliza nani?) Basi mnyororo ukichelewa kupanda, kizungusheni kile kipipa cha kurekebishia waya, robo mzunguko kila mara, kinyume cha mwendo wa saa mkikitazama kwa nyuma. Ukichelewa kushuka, ulegezeni waya; na usipopona, tuhumuni kutu iliyomo ndani ya ganda la waya, kwa kuwa kushuka ni kazi ya springi peke yake, nayo haina ubavu wa kuvuta waya uliokwama.

Walakini iko ila moja iwatoayo mafundi jasho: mkitengeneza gia ya pili, ya tano huharibika, mkiitengeneza ya tano, ya pili hugoma. Hapo acheni waya, mtazame kile kipande cha chuma kikishikacho kikono kwenye fremu, ambacho aghalabu hufanywa laini makusudi ili kipinde chenyewe, fremu isalimike. Kimepinda, nacho hupinda kwa sababu iliyo dhahiri shahiri: mtu ameiangusha baiskeli, au kwa ujinga wake ameilaza, ubavu wa kulia.

Maswali yaletwe kwa maandishi. Ama baiskeli yangu, ile iliyolala pale nje kwa ubavu wa kulia, msiiguse: hiyo ni ya mafunzo, haipandwi.