Tela Inapopitwa na Gurudumu Lake

Ukitaka kumjua bingwa wa magurudumu mkoani Dodoma, usimtafute kwenye gereji yenye bango na kompyuta. Mtafute nyuma ya punda. Mikokoteni inayobeba maji, mchanga, kuni na mahindi kuanzia Bahi mpaka Kongwa hutembea kwa miguu ya magari yaliyokwisha kufa: Land Rover iliyokuwa ya misheni, Datsun ya mwalimu mkuu, Peugeot ya mfanyabiashara ambaye warithi wake waligombania viti wakasahau injini. Hubeba mapipa mwaka hadi mwaka, na anayelalamika ni punda tu. Lakini mwenye pikapu akitaka kujitengenezea tela kwa magurudumu hayo hayo, mara nyingi safari humkuta amesimama kando ya barabara kuu, akitazama gurudumu likiendelea peke yake kuelekea Manyoni, huku zabibu zake za Hombolo zikigeuka mvinyo pale pale kwenye lami bila kupitia kiwandani. Nadai kwamba hilo halitokani na ubovu wa magurudumu ya zamani, wala mkosi, wala jirani mwenye kijicho. Linatokana na maneno mawili yanayosemwa kabla spana haijaguswa: “Itakaa tu.”

Tuanze na matundu. Ringi hufungwa kwenye habu kwa nati au bolti zilizopangwa kwa duara, na kila kiwanda kilijichagulia duara lake utadhani viwanda vingine havijazaliwa. Land Rover za kale zina matundu 5 kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 165.1. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilikuwa na matundu 5 kwenye duara la milimita 205, halafu kuanzia modeli za 1968 ikahamia matundu 4 kwenye duara la 130, kwa hiyo hata yenyewe kwa yenyewe haiazimani viatu. Datsun 120Y ina 4 kwenye 114.3. Tofauti kubwa namna hiyo hazina madhara: ringi ikikataa imekataa, watu wanakwenda kunywa chai. Balaa liko kwenye tofauti ndogo. Mini ya Kiingereza ina matundu 4 kwenye duara la 101.6, na Vitz ina 4 kwenye duara la 100. Gawa hiyo milimita 1.6 pande mbili, kila tundu limekosea kwa milimita 0.8, yaani unene wa kadi ya benki. Ringi ya namna hii haikatai, inasitasita. Nati ya kwanza inaingia vizuri, ya pili inaingia kwa adabu, ya tatu inaomba kusukumwa, ya nne inaingia kwa nyundo, kisha fundi analipiga tairi teke kutangaza kwamba kazi imekwisha. Kumbe vyuma vya kufungia vimeshapinda, ringi haijakaa katikati, na kila mzunguko unazilegeza nati kidogo kidogo mpaka mahali pasipo na kijiji.

Wenye kupima nao wana mitego yao. Ringi ya matundu 4 haina tatizo: pima kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linalolitazama, umemaliza. Ya matundu 5 ni korofi, kwa kuwa hakuna tundu linalotazamana na mwenzake moja kwa moja. Ukipima kutoka tundu moja mpaka lile lililo mbali nalo, Land Rover itakupa milimita 157, na utazunguka kwa wauza chuma chakavu wiki nzima ukitafuta gurudumu lisilotengenezwa na kiwanda chochote duniani. Kipimo hicho sharti kigawanywe kwa 0.951 ndipo 165 itokee. Hii ni hesabu ya kikokotoo cha simu, nusu dakika, lakini simu iliyopo gereji kwa wakati huo huwa inapiga muziki.

Atasema mtu: kama matundu hayalingani, si yatobolewe mengine? Drili ipo, umeme upo, siku hizi haukatiki sana. Nakubali kwamba inawezekana, kama inavyowezekana kushona koti kwa uzi wa viatu. Ringi ya matundu 4 ikiongezewa mengine 4 inabaki na chuma chembamba kati ya tundu na tundu, tena mahali penye kubeba nguvu zote. Zaidi ya hapo, tundu la ringi si uwazi tu. Kiwanda huufinyanga ukingo wake uwe kikalio cha nati: magari mengi ya Kijapani yana kikalio chenye mteremko ulionyooka, Volkswagen ina kilichoviringana. Nati ya Kijapani kwenye ringi ya Volkswagen hugusa chuma kwa mstari mwembamba mno. Unaikaza leo mpaka mishipa ya shingo inatokeza, kesho inazunguka kwa vidole. Na tundu lililotobolewa kwa drili halina kikalio cha aina yoyote. Kuhusu lile bamba la kuunganishia habu na ringi zisizolingana, linalochongwa mtaani, nitasema tu kwamba linalisogeza gurudumu nje na kuibebesha beringi mzigo ambao haikuajiriwa kuubeba.

Wapenzi wa magari ya kale wana hoja nzito zaidi, na wanaitoa kwa uchungu. Magurudumu haya, wanasema, yalikuwa chuma cha kweli. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, kisha mfululizo 1966 hadi 1968, kwenye matope na mawe, leo ishindwe na tela ya mahindi? Ushindi huo haupingiki. Ila tufanye hesabu ya mzigo. Gari dogo la enzi hizo, mfano Volkswagen, likijaa watu na mizigo yao lina takriban kilo 1,200, basi kila gurudumu linabeba kama 300, tena limekalia springi na shokamzoba. Tela ya ekseli moja ikipakiwa mifuko 20 ya saruji imebeba tani nzima; kila gurudumu lina kilo 500 kabla hujapima chuma cha tela yenyewe, na nyingi hazina springi za maana. Gari la mashindano halikubebeshwa saruji.

Hapo mpinzani hodari atanirudisha kwa punda: mapipa manne ya lita 200 ni kilo 800, magurudumu mawili, springi hakuna, mbona mkokoteni haudondoshi mguu? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza ni mwendo. Punda anakwenda kama kilomita 5 kwa saa, pikapu inakwenda 80, ambayo ni mara 16. Nguvu iliyomo kwenye mwendo hukua kwa mraba wake, kwa hiyo gurudumu lile lile na mzigo ule ule vikiingia shimoni nyuma ya pikapu vina nguvu mara 256 ya vilivyokuwa navyo nyuma ya punda. Juu ya hayo, punda akisikia mlio asioupenda husimama, sifa ambayo dereva wetu hana. Sehemu ya pili ndiyo inayonifanya nimwite mwenye mkokoteni bingwa. Kwa kawaida fundi wa mikokoteni hachanganyi. Huchukua ekseli na habu, beringi na ringi zake kutoka gari lile lile, akaichomelea chini ya fremu. Hana haja ya kupima duara, kwa sababu vitu hivyo vilifungwa pamoja na kiwanda na havijaachana tangu hapo. Anayechanganya ni mwenye pikapu, aliyepata ekseli ya Toyota kwa bei ya chini na kuvutiwa na vifuniko vya magurudumu vinavyong’aa vya gari la baba yake.

Wala tusiwasingizie mafundi wa uchochoroni kwamba wao ndio waanzilishi wa “itakaa tu”. Mfano mkubwa kuliko yote uliletwa Kongwa mwaka 1947 kwa meli, na wataalamu wenye digrii. Serikali ya Uingereza ilitaka karanga, vita vilikuwa vimekwisha, vifaru vya Sherman vilikuwa vimejaa. Basi kiwanda cha Vickers kikavigeuza vifaru kuwa matrekta, vikaja kufyeka vichaka vya Ugogo. Udongo wa Kongwa, unaokauka kama tofali mvua ikikatika, haukuwa umeshauriwa. Mradi huo wa karanga ulifutwa mwaka 1951, zaidi ya paundi milioni 35 zikiwa zimezama, na karanga hazikutosha hata kuwafariji waliozilipia. Ukilinganisha na hasara hiyo, tela iliyolala ubavu Kibaigwa ni jambo la kifamilia.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka tela usianze na magurudumu. Nenda kwa fundi wa mikokoteni, muulize anakopata ekseli zake, ununue iliyo kamili, ubadilishe beringi, ujaze grisi mpya, uivishe tairi zinazoweza mzigo, na ukaze nati upya baada ya kilomita 50 za kwanza. Na siku hiyo hiyo, kabla hujalipa, dai gurudumu la tatu la gari lile lile liwe spea, maana ringi ya mwaka 1967 haiuzwi Kibaigwa saa mbili usiku.