Datsun 240Z na Maradhi ya Mapumziko

Gari la spoti, yaani gari la chini, jepesi na lenye injini yenye nguvu kuliko haja yoyote ya mwenyewe, huharibika zaidi likikaa kuliko likiendeshwa, na jambo hilo, ingawa linafahamika kwa kila fundi wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, halijawahi kumzuia mtu kulifunika gari lake kwa turubai nyuma ya nyumba na kuahidi kwamba litashughulikiwa baada ya Krismasi. Krismasi ipi, hasemi.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Datsun 240Z, gari lililozinduliwa Japani mwaka 1969, lenye viti viwili, mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu na injini ya lita 2.4 ambayo silinda zake sita zimepangwa katika mstari mmoja. Sifa yake katika Afrika Mashariki ilitokana na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa ndani ya 240Z, Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo, na mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews wakatwaa ushindi baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Uswidi. Kutokana na historia hiyo mwenye gari hujenga hoja inayoonekana imara, kwamba chombo kilichoyashinda matope, vumbi na mawe ya barabara zetu hakiwezi kushindwa na miaka kadhaa ya kukaa kivulini.

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba magari ya mashindano hayakupewa nafasi ya kupumzika. Matope na mawe hulishambulia gari hadharani, mbele ya mashahidi, na uharibifu wake huonekana na kurekebishwa papo hapo. Mapumziko hufanya kazi yake kimyakimya chini ya turubai, yakianza na petroli, ambayo baada ya muda hupoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka kwa urahisi na kubakiza utomvu wa hudhurungi unaonuka vanishi, ambao nao huziba vijitundu vya kabureta, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia kwenye silinda. Mafuta ya breki, ambayo kwa asili yake hufyonza unyevu wa hewani, hujaa maji na kuanza kuzalisha kutu ndani ya mabomba. Raba za kuzuia uvujaji hukauka na kupasuka. Na panya, wasiojali kama gari ni la spoti au la kubebea makabichi, hutafuna waya za taa, hung'oa sponji ya viti na kwenda kujengea kiota ndani ya kisanduku cha chujio la hewa, mahali pakavu, penye giza na penye mdomo mwembamba unaowatosha wao lakini haumtoshi paka. Ikisemwa kweli, kwa miaka hiyo yote panya ndio pekee waliolijali gari hilo.

Siku ya kulifufua inapofika, utaratibu unaopaswa kufuatwa unajulikana: breki kwanza, kisha njia ya petroli, kisha umeme, na injini mwishoni. Utaratibu unaofuatwa ni kinyume chake. Mwenye gari anataka kusikia mlio, na breki zilizotengenezwa vizuri hazina mlio, wala hakuna jirani aliyewahi kutoka nje kuzishangilia. Kwa hiyo hufika siku ambapo injini inanguruma kikamilifu ilhali magurudumu ya nyuma hayazunguki hata kidogo, kwa sababu aliyeliegesha gari miaka hiyo alivuta breki ya mkono, na viatu vya breki vimegandamana na ngoma, lile bakuli linalozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa kwa ndani gari linaposimamishwa. Wahandisi wa Datsun waliliona tatizo hilo mapema, wakaacha katika kila ngoma matundu mawili yenye hesi, ili bolti mbili zikizungushwa kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, ngoma isogee nje bila ugomvi. Matundu hayo hugunduliwa, kwa kawaida, baada ya nyundo kutumika.

Suala la vifaa vya kazi linahitaji kuelezwa kwa upana. Gari la Kijapani la enzi hiyo limefungwa kwa bolti nyingi ndogo zenye kichwa cha milimita kumi, na kwa sababu hiyo kifaa kinachohitajika kila dakika ni spana nambari kumi, ambayo pia ndiyo spana inayopotea. Spana nambari kumi na tisa, ambayo haihitajiki na yeyote, hulala juu ya boneti ikimtazama kila apitaye. Ile ya kumi huponyoka kidoleni, husikika ikigonga vyuma vitatu tofauti ikishuka baina ya injini na bodi, kisha haifiki chini. Jambo hili la spana isiyofika chini limethibitishwa na watu wengi waliolala kifudifudi juu ya saruji wakiwa na tochi mdomoni, ambao badala ya spana yao wamepata bisibisi ya fundi aliyelishughulikia gari hilo enzi za urais wa Mzee Moi. Anayetumwa dukani kununua spana nyingine ni mtoto, na mtoto hurudi na nambari kumi na moja, kwa kuwa kumi zilikuwa zimekwisha. Zitakosaje kwisha?

Ufufuaji wa gari nyumbani hauwezi kubaki uani, kwa kuwa jikoni kuna moto, maji na vyombo. Themostati, vali ndogo inayoyazuia maji ya radieta yasizunguke mpaka injini ipate joto, hupimwa kwa kuitumbukiza katika maji yanayopashwa moto na kutazama kama itafunguka joto likipita digrii 80 hivi, na kipimo hicho, ambacho ni sahihi kabisa kisayansi, kinahitaji sufuria.

"Baba watoto, hiki ni nini kwenye sufuria ya maziwa?"

"Ni themostati."

"Imeiva?"

Baada ya mazungumzo ya aina hiyo ushirikiano baina ya jiko na uani hupungua, hasa ikibainika kwamba vijitundu vya kabureta vimesuguliwa kwa mswaki ambao haukuwa wa mwenye gari, na kwamba taulo lililowekwa chini ya mkebe wa mafuta ya breki lilikuwa la wageni. Mafuta hayo, ieleweke, hubabua rangi ya gari kwa muda mfupi, jambo ambalo taulo lilizuia kwa sehemu kubwa. Utetezi huu haujawahi kukubaliwa.

Upande wa spea, hali si mbaya kama inavyodhaniwa, ila ina mitego yake. Injini ya 240Z ni ndugu wa karibu wa injini ya silinda nne iliyokuwa ndani ya Datsun 1600 SSS, gari ambalo Herrmann huyohuyo alishinda nalo Safari ya mwaka 1970. Upana wa silinda na mwendo wa pistoni ni uleule, isipokuwa silinda zimeongezwa mbili. Kwa hiyo muuza spea, akijua kwamba Datsun ni jina la magari ya Nissan, anapoinua pistoni ya gari jingine na kusema, "Hiyo ni ya Nissan na hii ni ya Nissan, itaingia tu," huenda anasema kweli tupu, na ukweli huo mmoja humpa ujasiri wa kuuza kwa maneno yaleyale raba ya kioo cha mbele, mkono wa kufungulia mlango na taa ya nyuma iliyotengenezewa basi dogo. Mteja anayerudi kulalamika huelezwa kwamba kitu hicho kinaingia, ila gari lenyewe ndilo limepinda.

Lakini hakuna kazi inayofichua tabia ya mtu kama kupanga waya za plagi. Umeme hutoka kwenye koili ukaingia kwenye distributa, kifaa kinachougawa kwa zamu kwa kila silinda kupitia waya yake, na katika injini hii zamu hiyo ni 1-5-3-6-2-4, ikihesabiwa kuzunguka kifuniko cha distributa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Mtu makini huiwekea alama kila waya kabla ya kuichomoa. Mtu aliyeondoa waya zote sita kwa pamoja ili azipanguse, kwa sababu zilikuwa na vumbi, anakabiliwa na mipangilio 720 inayowezekana, ambayo mmoja tu kati yake ndio sahihi, na mingine ina uhai wa kutosha kumtia moyo. Akizipanga kwa kufuata saa badala ya kinyume chake, silinda mbili bado zitapata moto kwa wakati wake, na injini itakohoa, itatetemeka na kuahidi. Kisha moto utawaka ndani ya silinda ambayo vali yake ya kuingizia hewa iko wazi, na mlipuko utatokea kwenye mdomo wa kabureta, mahali ambapo mwenye gari alikuwa ameinamia akimimina petroli kwa chupa ya soda. Nyusi huota tena. Majirani waliokuwa wakisubiri tukio hilo tangu asubuhi hujitokeza na ushauri, na wa kwanza kufika ndiye asiyemiliki gari.

Yote yakikaa sawa, injini huwaka, moshi mweupe hujaa uani, nguo zilizoanikwa huanuliwa kwa haraka, na kazi hubaki moja ya kusawazisha kabureta. Ziko mbili, kila moja ikilisha silinda tatu, na zisipovuta hewa kwa kiasi kimoja gari hutetemeka likisimama. Vipo vipimo maalumu vya kazi hiyo, lakini mafundi wa zamani hutumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, wakilinganisha mvumo wa huku na wa kule na kuigeuza skrubu robo duara hadi mivumo miwili ifanane. Ni kazi nzuri kuitazama, na pengine ndiyo sehemu pekee ya shughuli nzima inayofanywa bila kelele za maneno, kwa kuwa fundi aliyeziba sikio moja kwa mpira na jingine kwa kidole hawezi kushauriwa.

Linalofuata ni safari ya kwanza barabarani, na hapo ndipo familia hukumbuka kwamba gari lina viti viwili. Mke, ambaye sufuria yake ilichangia mradi, ana haki. Mtoto aliyetumwa dukani ana haki. Jirani aliyesukuma gari mara zote lilipogoma anasimama karibu na mlango, ameshavaa viatu. Kiti hupewa fundi, kwa sababu kuna mlio unaosikika chini ya boneti gari likipita kwenye tuta tu, ambao yeye, akiwa na uzoefu wa miaka mingi, anasema ni wa spana.