Sifa za Skripti Isiyoingiza Hata Senti

Programu za maana zimeshasifiwa vya kutosha. Ya mishahara ina wapambe wake ofisini. Ya miamala ya simu ina mabango barabara nzima ya TANZAM. Leo namsifu asiye na mtetezi: skripti fupi ya sheli (shell) ya kompyuta, ambayo kazi yake pekee ni kumwaga rangi kwenye dirisha jeusi la amri, kisha kukaa kimya.

Kwa nasaba, haibezeki. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa VT100, skrini ya herufi 80 kwa mistari 24, isiyojua rangi kabisa, ila ilitii amri zinazotanguliwa na alama ya Escape. Amri za mtindo huohuo ndizo skripti yetu inazotumia hadi leo. Rangi zilipokuja baadaye zilianza nane, zikawa 16, kisha 256, zikiwemo 24 za kijivu tu, ambazo mtu wa huku kwetu Mufindi huziona zote kwenye ukungu kabla ya saa nne asubuhi. Sasa nyekundu, kijani na bluu zina ngazi 256 kila moja. Zidisha: rangi 16,777,216.

Tazama ustadi wake:

printf '\e[48;2;0;128;0m \e[0m'

Hiyo \e ni ile Escape, 48 ni mandharinyuma, 2 inatangaza kwamba vipimo vitatu vya rangi vinafuata, na kinachochapwa ni nafasi tupu. Upinde wote wa mvua ni utupu uliopakwa rangi! Tena skrini ya VT100 ina nafasi 1,920 tu. Kuonyesha rangi zote kungehitaji skrini zaidi ya 8,700. Kwa busara, skripti huonja chache na kutangaza kwamba imemaliza.

Wapo wanaoilaumu. Katika steshenari moja hapa Nyololo, njia panda ya kwenda Mgololo, kijana huiendesha kabla ya kutoa kopi ya kwanza. Mama mwenye cheti cha kuzaliwa mkononi anasalimia, “Kamwene,” kisha anauliza, “Mwanangu, hiyo nayo inalipiwa?”

“Subiri kidogo mama, inapaka.”

Wanasema pia ukisahau ile \e[0m ya mwisho, kila utakachoandika kitatoka na rangi iliyobaki. Huo ni ukarimu: mgeni gani mwingine huondoka na kuacha zawadi? Wanasema ukiielekeza kwenye faili, inakuachia msitu wa mabano na namba. Nauliza: nani alikutuma uhifadhi upinde wa mvua?

Lakini fadhila yake kuu ni ukweli. Dirisha la amri linaweza kujitangaza, kupitia kigezo cha COLORTERM, kwamba ni truecolor, yaani lina rangi zote hizo milioni 16. Maneno hayana kodi. Skripti haibishani nalo. Inapanga rangi kutoka nyekundu hadi bluu. Zikiteleza bila kuonyesha zinapoungana, tangazo ni kweli. Zikikatika michirizi kama kitenge, dirisha lina rangi 256 au pungufu, na limekudanganya.

Programu ngapi huandika “imefanikiwa” na hakuna lililofanyika? Ndiyo maana napendekeza kila ofisi inayotuletea ripoti za mafanikio ianze kwa kuendesha skripti hii mbele yetu: rangi kwanza, maneno baadaye.