Mhadhara Mtukufu juu ya Matembezi ya Rabii Jijini London

Hadhirina watukufu, nanyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti au kwa kutafuta pa kutorokea: aliye mbele yenu ndiye peke yake, katika mwambao wote huu, awezaye kusimulia habari za London bila ya kukosea, kwa kuwa nilikaa huko miezi kumi na mmoja, tena hatua chache tu kutoka Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, ambacho sikupata kusoma ndani yake, lakini ilimu, kama moshi wa udi, humfikia hata jirani.

Mwaka huu nilirejea kulizuru jiji langu mwishoni mwa Machi, katika majira waitayo Waarabu rabii, ambayo sisi wenye kaskazi na kusi, masika na vuli, hatukupata kuyahitaji. Dalili yake ni kwamba jua huwaka lakini halichomi. Basi Mwingereza huvua koti, nami huongeza la pili.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, saa za nchi nzima husogezwa mbele saa moja, kwa desturi iliyoanzishwa na sheria iliyopitishwa mwaka 1916, mwaka mmoja baada ya kufariki William Willett aliyeipigania. Na ni mwaka huo huo chuo nilichokitaja kilipopewa hati yake ya kifalme, sadfa ambayo wanazuoni wengine wameipuuza, nami naiona kuwa ni ushahidi mkubwa, ila bado sijabaini ni wa nini. Mimi, nihesabuye saa tangu alfajiri kama wazee wangu, niliisogeza yangu mbele, nikaondoa sita, kisha nikarudisha moja kwa ihtiyati. Nilitoka saa moja kamili, nikastaajabu jinsi jua la huko lilivyowahi.

Pale Russell Square, ile miti mirefu ibambukayo magome kama chokaa ya nyumba inayogombewa na warithi ilikuwa haijatoa hata jani, ilhali chini yake maua ya manjano yamekwisha inua vitarumbeta vyao. Hapo akanijia bibi mmoja mwenye sanduku, akaniuliza njia ya stesheni ya Euston. Alimjua wa kumwuliza! Nilimwonyesha kwa fimbo, nikamfafanulia kila pembe, naye akashika njia ya kusini. (Euston iko kaskazini, lakini hayo ni mambo ya ramani, na ramani, hadhirina, huchorwa na watu wasio na uzoefu wangu.)

Nikateremka taratibu hadi St James's Park kuwaangalia mwari. Nasema mwari ndege, vijana wa nyuma, si mwari wa unyago. Ndege hao wa kwanza waliletwa na balozi wa Urusi kuwa hidaya kwa Mfalme Charles wa Pili mwaka 1664. Mmoja alisimama ukingoni, amelegeza mfuko wa koo lake kama mfanyabiashara amwonyeshaye mtoza kodi mkoba mtupu. Nilipogeuka nimtafute wa kumhutubia, nikamwona ubaoni, sanduku magotini, yule yule bibi.

“Hii ndiyo Euston?” akaniuliza, kwa adabu iliyonipendeza.

Nikamjibu kwamba ni viunga vyake. Akasema garimoshi lake lilikuwa la saa tatu. Nikamwonyesha saa yangu: saa tatu kasorobo.